Sukari, Moyo na Mawazo: Lugha ya Kisukari na Sonona katika Jamii zenye Asili ya Asia Kusini

Ikisiri

Makala hii inachunguza namna wasemaji wa lugha za Asia Kusini wanavyoutaja na kuueleza ugonjwa wa kisukari unapoandamana na sonona. Inajaribu kuonyesha kuwa majina ya kisukari katika lugha hizo yamebeba nadharia za kale kuhusu mkojo, maji na utamu. Kuwa sonona aghalabu haitajwi kwa jina moja bali husimuliwa kwa lugha ya moyo na mawazo. Na kuwa hojaji za kitabibu zinazotafsiriwa neno kwa neno huyakosa masimulizi hayo. Mwishoni tunajadili funzo ambalo wanaistilahi wa Kiswahili wanaweza kulipata kutokana na hali hiyo.

1.0 Utangulizi

Mwaka 2003, akiwa masomoni Uingereza, mwandishi wa makala hii aliombwa kumsaidia bibi mmoja mwenye asili ya Kihindi azungumze na muuguzi wa kliniki ya kisukari. Bibi huyo alizaliwa Uganda na kuondoka huko mwaka 1972, Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 za kufungasha. Nyumbani alisema Kikachi, lugha ya eneo la Kachchh magharibi mwa India, na mkalimani wa lugha hiyo hakupatikana siku ile. Lakini Kiswahili chake, alichojifunza dukani kwa baba yake, kilikuwa hai bado.

Muuguzi alitaka kujua kwa nini kiwango cha sukari cha mgonjwa hakishuki licha ya dawa. Bibi akajibu: “Mwanangu, mwambie moyo wangu unaanguka. Kila siku unaanguka, tangu mzee alipofariki.” Mwandishi akamwambia muuguzi kuwa mgonjwa anasikia mapigo ya moyo yakienda vibaya. Bibi akapelekwa kupimwa moyo kwa mashine. Moyo ukaonekana mzima, naye akarudishwa nyumbani na vidonge vilevile. Hakuna aliyemwuliza habari za mzee.

Kosa halikuwa la muuguzi. Lilikuwa la mkalimani. Kiswahili kina kufa moyo, kuvunjika moyo na kuwa na moyo mzito, na lau bibi angetumia mojawapo ya kauli hizo tungemwelewa mara moja. Moyo kuanguka si nahau ya Kiswahili tulichokulia, ndiyo maana tukaichukua kwa maana yake ya kimwili. Baadaye tulitambua kuwa bibi alikuwa akisema nahau ya lugha za kwao kwa maneno ya Kiswahili. Swali linaloongoza makala hii limetokana na kosa hilo: ni nini hupotea pale ugonjwa wa mwili na ugonjwa wa huzuni vinapokutana katika mtu mmoja, na lugha ya mgonjwa isikutane na lugha ya kliniki?

2.0 Usuli wa Kitabibu

Kabla ya kuingia katika lugha, yafaa tueleze kwa ufupi hali halisi ya maradhi yenyewe. Utafiti wa kitaifa wa India unaojulikana kwa jina la ICMR-INDIAB, uliochapishwa mwaka 2023, ulikadiria kuwa watu milioni 101 nchini humo wana kisukari. Kwa upande wa Pakistan, Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria mwaka 2021 kuwa watu wazima milioni 33 wanao. Walio wengi wana kisukari cha aina ya pili, ambamo mwili huacha kuitikia insulini ipasavyo na kongosho hatimaye hushindwa kufidia upungufu huo.

Walohamia ng'ambo hawakuuacha ugonjwa huu nyuma. Utafiti wa McKeigue, Shah na Marmot (1991), uliofanywa magharibi mwa London pamoja na mtaa wa Southall, ulikuta kisukari kwa asilimia 19 ya watu wa umri wa makamo wenye asili ya Asia Kusini, ikilinganishwa na asilimia 4 ya Wazungu. Watafiti hao walielekeza kidole kwenye mafuta yanayojikusanya tumboni na usugu wa mwili kwa insulini. Kwa kuwa ugonjwa huwafika watu hawa wakiwa na umri mdogo zaidi na unene mdogo zaidi, mwongozo uliotolewa Uingereza mwaka 2013 ulishauri kuwa kipimo cha uwiano wa uzito na urefu kihesabiwe kuwa cha hatari kuanzia 23 badala ya 25, na cha hatari kubwa kuanzia 27.5 badala ya 30.

Kuhusu sonona, uchambuzi wa Anderson na wenzake (2001), uliojumlisha tafiti nyingi, ulionyesha kuwa uwezekano wa mtu mwenye kisukari kuwa na sonona ni takriban maradufu ya ule wa asiye nacho. Uhusiano huu huenda pande zote mbili. Mwenye sonona hulala vibaya, hutembea kidogo, husahau dawa, na homoni za mfadhaiko humpandishia sukari. Na mwenye kisukari hubeba mzigo wa vidonge, sindano, miiko ya chakula na hofu ya kupoteza macho, figo au mguu. Kwa hiyo asiyeitambua sonona ya mgonjwa wake hawezi kutegemea kuidhibiti sukari yake.

3.0 Majina ya Kisukari

Lugha za Asia Kusini zina majina mengi ya ugonjwa huu. Tazama mifano ifuatayo:

(1) a. Kihindi (kutoka Kisanskriti): madhumeha – ‘mkojo wa asali’
b. Kigujarati: mithi peshab – ‘mkojo mtamu’
c. Kibengali: bahumutra – ‘mkojo mwingi’
d. Kitamil: nirizhivu – ‘kupotea kwa maji’
e. Kisinhala: diyavadiyava – ‘kuongezeka kwa maji’
f. Kiurdu: ziyabitas – kutoka Kigiriki kwa njia ya Kiarabu, ‘kinachopita’

Mifano (1a) na (1b) inataja utamu. Waganga wa kale wa Bara Hindi walikwishatambua kuwa mkojo wa mgonjwa huwavutia sisimizi, nalo jina madhumeha limehifadhi utambuzi huo. Mifano iliyobakia inataja wingi au mwendo wa maji. Mifano (1d) na (1e) ni ya kuvutia kwa mwanasemantiki kwa sababu kwa juu juu inapingana: Mtamil anasema maji yamepotea, Msinhala anasema maji yamezidi. Hata hivyo jambo linalotajwa ni moja. La kwanza linatazamwa kutoka ndani ya mwili unaokaukiwa. La pili linatazamwa kutoka nje, kwenye mkojo unaozidi.

Pamoja na utajiri huo, katika mazungumzo ya kila siku majina haya yanazidi kusukumwa kando na neno moja, shugar, lililotoka Kiingereza. Watu husema kuwa shugar yao imepanda au imeshuka, kama vile Waswahili wanavyosema sukari imepanda. Neno hili lina safari ndefu. Asili yake ni Kisanskriti sharkara, lililokuwa na maana ya changarawe, kisha likatumiwa kwa sukari ya chembechembe. Kutoka huko liliingia Kiajemi kama shakar, likaingia Kiarabu kama sukkar, na kutoka Kiarabu likatufikia sisi kama sukari na kuwafikia Wazungu katika sura zao mbalimbali. Mpunjabi anayesema shugar leo amelipokea neno la wahenga wake likiwa limevaa koti la kigeni. Na Mswahili anayesema kisukari, kwa kiambishi kilekile cha kifafa na kichocho, analitumia neno hilohilo.

Suala hapa si etimolojia pekee. Jina linalotaja sukari humfundisha mgonjwa kuwa chanzo na dawa ya ugonjwa viko katika sukari ya mezani. Akishaacha sukari katika chai, huona ametimiza wajibu, huku sahani ya wali na chapati ikibaki kama ilivyokuwa. Pia hujengeka imani kuwa kichungu hukiondoa kitamu. Ndiyo sababu mojawapo ya karela, tunda chungu linalouzwa hata katika masoko ya Dar es Salaam na Mombasa, kupewa heshima ya dawa. Karela ni mboga njema, ila ni hatari pale mgonjwa anapoitumia badala ya vidonge. Vilevile daktari anapomwambia mgonjwa kuwa “sukari yako ni nzuri mwezi huu”, mgonjwa huweza kuelewa kuwa amepona.

4.0 Moyo Unaozama

Tofauti na kisukari, sonona haina jina moja la kawaida katika mazungumzo ya lugha hizi. Vitabu vya Kihindi vina avasad, na Kiurdu kina afsurdagi, lakini ni maneno ya waliosoma. Mgonjwa wa kawaida hutumia udasi ‘huzuni’, pareshani ‘mahangaiko’, gham ‘ghamu’, fikr na soch ‘mawazo’, na siku hizi tenshan, neno la mkopo lililoenea kutoka Karachi hadi Dhaka.

Utafiti unaotajwa sana katika uwanja huu ni ule wa Krause (1989) miongoni mwa Wapunjabi wa mji wa Bedford, Uingereza. Aliichunguza kauli dil ghirda hai, yaani ‘moyo unazama’ au ‘moyo unaanguka’. Aligundua kuwa kwa wasemaji wake kauli hii si sitiari tupu. Mtu husikia kweli kitu kikishuka kifuani, na maelezo anayoyatoa huunganisha joto la mwili, njaa, uchovu, wasiwasi na kushindwa kutimiza wajibu wa kijamii. Moyo dhaifu ni wa mtu aliyeelemewa, na mtu aliyeelemewa yumo hatarini kupoteza uwezo wa kujitawala, na pamoja nao heshima yake. Fenton na Sadiq (1993) nao, waliowasikiliza wanawake 16 wenye asili ya Asia wakieleza sonona yao, walikuta huzuni ikikaa moyoni, hata wakaipa taarifa yao jina la huzuni hiyo ya moyo.

Kutokana na matokeo ya namna hii, baadhi ya matabibu walizoea kusema kuwa Waasia huugeuza ugonjwa wa nafsi kuwa ugonjwa wa mwili. Kwa maoni yetu, dai hilo limekosea mahali pa kuanzia. Linachukulia kwamba kila lugha hutenganisha mwili na nafsi, kisha msemaji huchagua upande. Dil katika Kiurdu na Kipunjabi, kama moyo katika Kiswahili, ni kiungo kinachopiga na papo hapo ni makao ya hisia, nia na ujasiri. Msemaji wa dil ghirda hai hajageuza kitu. Amelitaja jambo moja ambalo kliniki ina milango miwili kwa ajili yake, nayo humlazimisha kupita mmoja tu.

Yafaa pia kuzingatia kuwa mwenye kisukari ana sababu nyingi za kimwili za kuhisi hivyo. Sukari inaposhuka mno, mtu hutetemeka, hutokwa jasho na moyo humwenda mbio. Ugonjwa wa moyo nao huwanyemelea watu hawa zaidi ya wengine. Kwa hiyo hatusemi kuwa kumpima moyo yule bibi kulikuwa kosa. Kosa lilikuwa kuishia hapo.

5.0 Chakula, Haya na Wajibu wa Nyumbani

Masharti ya kisukari hutekelezwa jikoni, na jiko ni mahali pa uhusiano. Kiurdu na Kihindi kina neno parhez, lenye maana ya kujizuia na vyakula visivyomfaa mgonjwa, ambalo laweza kulinganishwa na matumizi yetu ya neno mwiko. Lakini mwenye parhez katika karamu ya arusi anayekataa kijiko cha mithai, vitamu vya sherehe, anaonekana kuukataa mkono uliokitoa.

Greenhalgh, Helman na Chowdhury (1998) walichunguza fikra za Wabangladeshi wa mashariki mwa London kuhusu kisukari. Walikuta vyakula vikigawanywa kwa nguvu na kwa wepesi wa kusagika. Samli, nyama na sukari vilihesabiwa kuwa na nguvu. Vyakula vibichi, vya kuoka na vya kuchoma vilihesabiwa kuwa vizito tumboni. Mwili mnene ulionekana ni dalili ya siha. Sasa daktari anayeshauri nyama ichomwe badala ya kukaangwa, na mgonjwa apunguze mwili, anadhani anashauri afya. Masikioni mwa mgonjwa anashauri udhaifu. Hata hivyo watafiti hao walisisitiza kuwa wagonjwa hawakuwa wafungwa wa mila: mengi waliyoyaamini yalifanana na ya majirani zao Wazungu, na mambo mengine yaliwazuia kwa sababu za makazi, kipato na usalama wa mitaa.

Kwa wanawake mzigo una sura nyingine. Weaver, katika kitabu chake Sugar and Tension (2019), anaeleza maisha ya wanawake wenye kisukari jijini Delhi. Mama hupika chakula cha familia kwanza, na chake cha mgonjwa baadaye, kama muda upo. Kujitanguliza ni jambo la haya. Lakini Weaver anatuonya tusiseme haraka kuwa wajibu huo ni uonevu mtupu, kwa sababu kwa wanawake wengi kuutimiza ndiko kunakowapa utulivu wa moyo, hata pale kunapoidhuru sukari yao. Hapa ndipo ilipo ncha ya tatizo: lile linaloulinda moyo laweza kuwa lilelile linaloudhoofisha mwili. Ushauri wa kumwambia mama “jijali wewe kwanza” humtaka aache lililobaki kumsimamisha.

6.0 Hojaji, Tafsiri na Mkalimani

Chombo kinachotumika sana kuitambua sonona ni hojaji iitwayo PHQ-9, iliyochapishwa na Kroenke, Spitzer na Williams mwaka 2001. Ina maswali tisa kuhusu majuma mawili yaliyopita. Ukiyatazama kwa jicho la mgonjwa wa kisukari, utaona kuwa maswali ya usingizi, uchovu, hamu ya chakula na kushindwa kumakinika yanaweza kujibiwa “ndiyo” kwa sababu ya sukari yenyewe. Anayeamka mara nne usiku kwenda haja ndogo hakosi usingizi kwa ajili ya huzuni. Aidha, Polonsky na wenzake walionyesha mwaka 1995 kuwa kuna dhiki itokanayo na kuishi na kisukari ambayo yafaa ipimwe kivyake. Mtu aliyechoshwa na sindano huenda hahitaji dawa ya sonona. Huenda anahitaji mtu wa kupanga naye upya matibabu yake.

Juu ya ugumu huo huja ugumu wa lugha. Kisylheti cha Wabangladeshi wengi wa London, na Kimirpuri cha Wapakistani wengi wa Birmingham, havina maandishi yanayotumika kwa kawaida. Kumpa msemaji wa Kisylheti karatasi ya Kibengali sanifu ni sawa na kumtafsiria mtu kwa lugha ya jirani yake. Ndiyo maana Lloyd na wenzake (2012), walipoichunguza PHQ-9 kwa wagonjwa wa kisukari wenye asili ya Asia Kusini, waliwafuata wasemaji wa lugha hizi kwa njia ya maongezi.

Mahali ambapo hakuna mkalimani, kazi hiyo hufanywa na mtoto au mkwe. Mkalimani wa namna hii si chombo kisicho na upande. Mkwe anayeulizwa kama mama mkwe wake ana furaha nyumbani hawezi kufasiri jibu bila kujifasiri mwenyewe. Mtoto wa miaka 12 hawezi kuulizwa kama mama yake anatamani kufa. Swali hilo la mwisho, ambalo ndilo la tisa katika hojaji, ni gumu kwa kila mtu mwenye imani ya dini. Wengi hulikana kwa maneno hayo, ila wataeleza kuwa wanamwomba Mungu awapumzishe. Mfasiri asiyeijua kauli hiyo ataandika “hapana”.

Hata hivyo hali si ya kukatisha tamaa. Jaribio lililochapishwa mwaka 2020 kwa jina la INDEPENDENT, lililowahusisha wagonjwa 404 wenye kisukari na dalili za sonona katika kliniki za miji ya India, lilitumia waratibu wasio madaktari waliofuatana na wagonjwa na kuwashughulikia kwa maradhi yote mawili pamoja. Baada ya miezi 24, asilimia 71.6 ya waliohudumiwa hivyo walikuwa wamepungukiwa na dalili za sonona angalau kwa nusu, pamoja na kupata nafuu katika sukari, shinikizo la damu au mafuta ya damu, ikilinganishwa na asilimia 57.4 ya waliopata huduma ya kawaida. Mlango ukiwa mmoja, mgonjwa huingia mzima.

7.0 Funzo kwa Kiswahili

Msomaji anaweza kuuliza haya yanahusu nini katika jarida la Kiswahili. Jibu ni kuwa nasi tumo katika njia hiyohiyo. Mendenhall (2019), aliyelinganisha maisha ya watu wenye kisukari katika miji ya Chicago, Delhi, Soweto na Nairobi, ameonyesha jinsi ugonjwa huu unavyofungamana na dhiki za maisha katika jamii zinazotofautiana sana. Mgonjwa wa Nairobi au Dar es Salaam naye husema ana mawazo, na kauli hiyo haiko mbali na soch ya Delhi.

Wanaistilahi wetu wamelichukua sonona, lililokuwa kitenzi chenye maana ya kuona uchungu moyoni, na kulifanya jina la ugonjwa. Uteuzi huo ni mzuri, kwa kuwa neno ni la Kibantu na maana yake ya awali iko karibu. Hatari yake ni ileile ya avasad na afsurdagi: kuwa neno la kwenye mabango ya wizara, wakati mgonjwa anaendelea kusema ana mawazo, moyo mzito, au kwamba hajisikii tu. Tunapendekeza kwa hiyo kuwa kila orodha ya istilahi za afya ya akili iwe na sehemu mbili: istilahi yenyewe, na kauli ambazo watu huzitumia kuieleza hali hiyo, zikiwa zimekusanywa kutoka lahaja mbalimbali na kwa wasemaji ambao Kiswahili si lugha yao ya kwanza. Kundi hili la mwisho tumelisahau mno. Huleta nahau za kwao ndani ya Kiswahili chetu, nasi tunazisikia kama makosa ya sarufi au dalili za mwili.

8.0 Hitimisho

Katika makala hii tumeona kuwa jina la ugonjwa humwongoza mgonjwa namna ya kuutazama, kuwa lugha ya moyo si kificho cha sonona bali ndiyo usemi wake, na kuwa tafsiri ya hojaji haikamiliki bila kujua kauli za wanaoulizwa. Yule bibi wa mwaka 2003 alisema sentensi mbili zilizojitosheleza. Ya kwanza ilieleza ugonjwa, ya pili ilieleza chanzo. Mkalimani aliitafsiri ya kwanza vibaya na ya pili akaiacha, kwa kudhani kuwa kifo cha mzee si habari ya kitabibu. Kazi iliyo mbele ya wanaisimu wa Kiswahili ni kuhakikisha kuwa sentensi ya namna ile ya pili inafika mezani kwa daktari.